Nimeuza betri bila kusema uongo hata mmoja, lakini dhamira inanisuta. Huyu tajiri wa Ukara nimwambieje?

KijanaWaMabatini:

Wakuu, mwangaluka. Naomba mnisikilize, halafu mnipige mawe mkitaka.

Nina miaka miwili kwenye duka la sola hapa Mwanza mjini, jina tuliache. Mshahara ni wa kuzugia, kinachonilisha ni kamisheni: 5,000 kwa kila betri inayotoka. Wateja wangu wakubwa ni wavuvi wa dagaa, hawa walioachana na karabai wakahamia taa za betri.

Betri inayotoka sana ni ile ya asidi iliyozibwa, volti 12, ampea-saa 20. Ukiifungia balbu mbili za wati 10, hesabu inakupa masaa 12. Boksi nalo limeandikwa masaa 12, na pembeni kuna picha ya mwezi. (Aliyechora huo mwezi hajawahi kuvua. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanashona nyavu.)

Masaa 12 ni kweli. Tatizo ni kwamba betri ya aina hii haitakiwi kukaushwa. Ukiitumia nusu ukairudisha chaji, inadumu. Ukiikamua mpaka tone la mwisho kila usiku, baada ya mara 200 hivi imekwisha, na inaanza kuchoka kabla ya hapo. Mvuvi anawasha saa moja jioni, anazima saa kumi na moja alfajiri. Kwa mwezi anapata kama usiku 20 wa giza. Pigeni hesabu wenyewe. Na warantii yetu ni miezi sita.

Bosi alinifundisha siku ya kwanza: "Mvuvi usimpigie habari za asilimia. Yeye anataka kusikia usiku kucha." Nilipomuuliza kuhusu kukausha, akacheka: "Kwani umemdanganya? Si umenyamaza tu?"

Mwaka jana nilikwenda kisiwa cha Kome. Kuna mzee pale aliniweka chini ya mwembe, akanipa ugali na sato mbichi wa kuchemsha, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hii kitu inafika asubuhi?" Nikamjibu, "Mzee, unawasha jioni, unazima jua likichomoza." Akachukua betri nane. Mwezi wa nane tangu siku ile akanipigia. Hakufoka. Akanirudishia maneno yangu vilevile nilivyoyasema, "unawasha jioni, unazima jua likichomoza", halafu akasema, "Sasa zinazima saa nne usiku, dagaa ndiyo kwanza wanapanda." Nikamwambia warantii imepita. Akasema haya, akakata.

Sasa kuna tajiri wa Ukara. Ana mitumbwi sita, kila mmoja taa tano. Anataka betri 30, Alhamisi anatuma mtu na hela. Kwangu hiyo ni 150,000, na kodi ya chumba ninadaiwa miezi miwili. Ameniuliza swali lilelile la mzee wa Kome. Nimemwambia nitampigia.

Nimwambie yote auziwe na duka la jirani, ambao najua hawatamwambia kitu? Au ninyamaze?

SangaraMkavu:

Dogo, wewe ni muuzaji au padri? Boksi limeandika masaa 12, yanafika 12, kesi imekwisha. Hata mteja anakuja na uongo wake: "duka la pale wameniambia 70,000", na hajapita duka lolote. Mauzo ni mdomo. Lipa kodi, tubu Jumapili.

MamaDagaaKirumba:

Sangara, usimpotoshe mtoto wa watu. Hivyo vitu viwili havifanani.

Mimi niko Mwaloni mwaka wa 14 huu. Kila siku naapa kwamba bei ninayouzia ndiyo niliyonunulia, na mteja anaapa kwamba hana nauli ya kurudia. Hakuna anayemwamini mwenzake, tunacheka, tunakutana katikati. Huo ni mchezo, wote tunaujua. Lakini anaponiuliza "mama, dagaa hawa wameanikwa kwenye kichanja au chini?", pale mchezo umekwisha, anataka jibu.

Nitasema yangu, maana humu hatujuani sura. Kuna mwaka nilikuwa na magunia yaliyoanikwa mchangani. Mchanga una uzito, wenzangu mnajua. Akaja mnunuzi wangu wa siku zote, Mkongo mmoja mpole sana. Nikamwambia ni wa kichanja. Alitoa kikombe cha plastiki kwenye mkoba, akatia maji, akadondosha kiganja kimoja cha dagaa, akakoroga kwa kidole. Tukasimama wote wawili tunaangalia. Mchanga ukashuka taratibu mpaka ukatulia chini, kama sukari kwenye chai iliyopoa. Hakusema neno. Alimwaga maji, akafuta kikombe kwa leso, akaniaga vizuri.

Mpaka leo akija ananisalimia, "mama, watoto wazima?" Halafu ananunua kwa jirani yangu. Ile salamu ndiyo inayoniuma, bora angenitukana.

Mzee wako wa Kome alivyosema "haya" akakata simu, mwili umenisisimka.

FundiNyegezi:

Mambo ya dhambi nawaachia wenyewe. Mimi naona una bidhaa ya kuuza hapo na huioni.

Mwambie tajiri hivi: betri hii kwa balbu mbili, tumia masaa sita tu. Akitaka kufika alfajiri, afunge balbu moja ya wati 10, mzigo unashuka nusu na betri haikauki. Kama mwanga wa balbu moja hautoshi kuita dagaa, aweke betri mbili kwa kila taa. Au achukue za lithiamu fosfeti, ambazo zinavumilia kushushwa mpaka asilimia 80 na bado zinapita mizunguko 2,000 ya kutumia na kuchaji. Bei ni mara tatu, ndiyo, ila mpigie hesabu ya miaka mitatu, siyo ya Alhamisi.

Na aangalie chaji pia. Kambi nyingi wanachaji kwa paneli ndogo isiyotosha, betri inarudi ziwani haijajaa. Hapo hata ungekuwa mkweli kama malaika, taa zitazima tu.

Halafu bosi wako akisema kunyamaza si kosa, mwambie tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na inakataza kumpotosha mnunuzi. Unaweza kumpotosha mtu kwa maneno ya kweli matupu.

SangaraMkavu:

Fundi, kwa bei mara tatu huyo tajiri atakimbia mpaka Musoma. Haya, mimi nimenyamaza. Mama Dagaa, pole, ila hiyo ya kikombe nimeichukua, naenda nayo sokoni kesho.

KijanaWaMabatini:

Wakuu, mrejesho.

Nilimpigia jana jioni nikiwa nje ya duka, nimesimama karibu na wauza mahindi ili bosi asisikie. Nikamweleza yote: nusu, masaa sita, mara 200, warantii. Nilikuwa naongea haraka kama mtu anayekiri wizi. Nilipomaliza alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao wa kisiwani umekata.

Akasema, "Kwa hiyo hiyo ya masaa 12 ni ya kwenye boksi tu." Nikasema ndiyo. Akauliza bei ya lithiamu, akaguna, akasema atachukua tano, za mtumbwi mmoja, avue nazo giza mbili, yaani miezi miwili, aone. Zile 30 amezifuta. Kamisheni ya lithiamu ni 12,000, kwa hiyo nimepata 60,000 badala ya 150,000. Mwenye nyumba hajafurahi. Bosi bado hajui kwa nini oda imepungua, nikiulizwa nitamjibu.

Kabla hajakata akaniuliza: "Na wengine uliowauzia, umewaambia?"

Sikuwa na jibu. Usiku nimempigia mzee wa Kome mara tatu, inaita haipokelewi. Kesho ni zamu yangu ya kupumzika. Nina balbu nane za wati tano za kumpunguzia mzigo, angalau zimsogeze mpaka tutafute njia nyingine. Daraja la Busisi navuka na basi la asubuhi. Mwenye kujua, kivuko cha Nyakaliro kwenda Kome cha mwisho siku hizi kinaondoka saa ngapi?