Tupeane uzoefu: nani amejiundia spika kutoka kwa seti ya vifaa?

Habari zenu wakubwa. Wiki mbili sasa nazunguka Luthuli Avenue, mtaa wa vifaa vya umeme hapa Nairobi, nikisikiliza spika. Za bei yangu zinapendeza kwa macho, lakini ukigonga boksi kwa kidole linalia kama kopo. Nawaza kuagiza seti: wufa mbili (za besi), twita mbili (za sauti nyembamba), krosova (saketi ya kugawa sauti kati yake) na mchoro wa boksi, kisha mbao nimpe fundi wa hapa. Waliopitia njia hii, inalipa? Hela hizi nimeziweka tangu Januari.

Wa Kayole: Inalipa, ila kazi yenyewe ni boksi. Mchoro wangu ulitaka MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, wa milimita 18, na kwa nje sentimita 30 kwa 20 kwa 25. Fundi alikuwa na ubao wa milimita 25, akasema nene ndiyo imara, nami nikakubali. Nje vipimo vilikuwa sawa kabisa. Ndani, lita 9 na kitu zilishuka hadi 7 na nusu! Bomba la hewa, lile la kupitishia besi nje ya boksi, nililikata kama mchoro unavyosema, yaani kwa ile nafasi kubwa, kwa hiyo besi ikawa inavimba mahali pamoja na kulifunika gitaa la benga, muziki wetu wa gitaa, na benga bila gitaa ni nini? Nilirudia boksi zote mbili. Mpe fundi vipimo vya ndani, na usimame naye pale kwenye msumeno.

Wa Umoja: Piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujalipa. Sumaku za wufa ni nzito.

Mama Wawili, Kasarani: Mimi krosova nililehemu mwenyewe usiku, watoto wamelala. Kuwasha, besi hakuna, na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi. Nikalaumu wufa bure. Kumbe upande mmoja nimegeuza waya za chanya na hasi za wufa. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha waya za wufa mara moja tu: koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, ikitoka nje, chanya iko kwenye chanya. Pima hivyo kabla hujafunga skrubu. Nilipozirekebisha nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti. Nilikaa sakafuni hadi saa nane.

Mwenye swali: Asanteni sana. Jumamosi naenda soko la Gikomba na mchoro mkononi, nimtafute fundi kwanza. Seti nitaagiza nikishampata.