Je, Sam Prendergast alipewa jezi namba 10 ya Ireland mapema mno?

Mwalimu wa Kikuyu, Dodoma
Habari zenu wakuu. Ninafundisha michezo katika shule ya sekondari hapa mjini, na baadhi ya wanafunzi wangu wameipenda raga kwa kuiangalia kwenye televisheni. Wanamtaja sana Sam Prendergast, aliyezaliwa Februari 2003 na kuichezea Ireland kwa mara ya kwanza dhidi ya Argentina mnamo Novemba 2024. Kijana wa miaka 21 kurithi nafasi ya Johnny Sexton, namba 10 maarufu wa zamani wa Ireland, ambayo ndiyo huamua mpira upigwe, upasiwe au ukimbizwe, ni kumjenga au ni kumchosha? Ninauliza kwa sababu nina mvulana wa kidato cha tatu ambaye wengi wananishauri nimchezeshe na watu wazima.

Mkazi wa Manyoni
Mwalimu, heshima yako. Kwa maoni yangu hakuharakishwa. Alisoma Newbridge College, akalelewa katika akademi ya Leinster, mojawapo ya timu za majimbo ya Ireland, na mwaka 2023 akawa namba 10 wa kikosi cha vijana chini ya miaka 20 kilichoshinda mechi zote tano za Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya nchi sita za Ulaya, kisha kikafika fainali ya dunia huko Afrika Kusini na kufungwa na Ufaransa 50–14. Kipigo kizito namna hiyo alikipata akiwa na wenzake wa rika moja, kabla taifa zima halijaanza kumtazama. Hata kaka yake, Cian, anachezea Connacht, timu nyingine ya jimbo, kwa hiyo ushauri anaupata nyumbani.

Dada wa Kondoa
Naomba kutofautiana nawe, ndugu yangu wa Manyoni. Sexton mwenyewe aliichezea Ireland kwa mara ya kwanza mwaka 2009 akiwa na miaka 24, tena baada ya kuivusha Leinster katika nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Munster, timu ya jimbo jirani, alipoingia kuchukua nafasi ya Felipe Contepomi aliyeumia. Jack Crowley naye alikuwa amevaa namba 10 Ireland ilipotwaa Mataifa Sita 2024, halafu mwaka uliofuata akaanzia benchi. Prendergast ana pasi na mateke ya kupendeza mno, lakini wachambuzi wengi wamekosoa ukabaji wake, na wapinzani humtuma mkimbiaji mzito upande wake makusudi. Februari 2025 alianza Dublin na England ikafungwa 27–22. Mwezi uliofuata, palepale, Ufaransa ikashinda 42–27.

Kuhusu mwanafunzi wako, Mwalimu, nakusihi usimpeleke kwa watu wazima. Akili ya mchezo inaweza kukomaa mapema, lakini shingo na mabega havikomai kwa sifa.

Mwalimu wa Kikuyu, Dodoma
Nawashukuru nyote. Nimeridhika kwamba ajifunze mateke na pasi pamoja na wakubwa, ila mechi za kugongana acheze na wa umri wake. Kama kuna mwalimu wa Singida au Iringa mwenye vijana chini ya miaka 18, tafadhali aniandikie hapa ili tupange mechi wakati wa likizo ya Juni.