Picha za kuazima kwenye toleo langu la rEFInd, majina ya watu niyaweke wapi?

fundi_laptopu:
Wakuu habari zenu. Mwaka jana nilichukua msimbo wa rEFInd, ile programu inayokuja ukiwasha kompyuta inakuuliza unaingia Windows au Linux, nikaanza kutengeneza toleo langu kwa ajili ya laptopu za wanafunzi, menyu yote nimeiweka Kiswahili na sura nimebadilisha. Wiki ijayo naipandisha GitHub, ile tovuti ya kuwekea msimbo watu wauone, na hapo ndo nimekwama. Waliosaidia ni wengi na hawafanani. Jamaa mmoja kaandika mistari kama 40 ya msimbo kwa lugha ya C, dada mmoja kanyoosha Kiswahili cha menyu nzima, mimi nilikuwa nimeandika "Anzisha upya mfumo" yeye akaweka "Zima na uwashe", na kuna kijana alikesha na laptopu 3 anawasha anazima anawasha anazima mpaka tukajua kwa nini moja inagoma. Huyu hajaandika msimbo hata mstari mmoja, alikuwa ananipigia picha skrini kwa simu ananirushia, kwa hiyo kwenye historia ya git, ile kumbukumbu ya nani kabadilisha nini kwenye msimbo, hayupo kabisa.

Halafu kuna picha. Aikoni nyingine zilikuja na rEFInd yenyewe, nyingine nilizitoa kwenye themu za watu, yaani seti za picha za kubadilisha sura ya menyu, na picha ya nyuma ni jahazi jioni nililoletewa kwenye grupu la WhatsApp, aliyechora simjui. Nilitaka niandike tu chini "shukrani kwa wote waliochangia, picha zote ni mali ya wenyewe". Itatosha?

kitufe_cha_F10:
Haitoshi mkuu. Sentensi hiyo haimtaji mtu yeyote, na kusema picha ni mali ya wenyewe ni kukiri kwamba unajua si zako, ruhusa bado hujapewa.

Anza na hao uliowarithi. Washa mashine yako, nenda kwenye zile aikoni ndogo za chini, chagua ile ya maelezo kuhusu programu, bonyeza Enter. Unaona Christoph Pfisterer yuko pale? Yeye ndo aliandika rEFIt, programu ambayo rEFInd imetokana nayo, na mwaka 2012 Roderick Smith akaiendeleza kwa jina la rEFInd maana rEFIt ilikuwa imesimama. Ameiendeleza miaka na miaka lakini jina la mwenzake hakuligusa, liko juu ya la kwake. Wewe ongeza la kwako chini yao, usifute la mtu. Na hilo si adabu tu, msimbo wa rEFIt ulitoka kwa leseni ya BSD ambayo inataka tamko la hakimiliki libaki hata ukitoa programu iliyo tayari kuendeshwa bila msimbo wake, na rEFInd kwa ujumla iko chini ya leseni nyingine, GPLv3, hiyo inakudai useme wazi kwamba umebadilisha na uweke tarehe.

Ndani ya msimbo kuna CREDITS.txt, isome yote kabla hujaandika ya kwako. Utakuta kuna vipande vimetoka mbali, kwa mfano draiva ya kusoma diski za Mac (HFS+) imetoka kwenye programu ya VirtualBox, na aikoni nyingi zimetoka kwenye seti inaitwa AwOken. Sasa ukimpa mtu flashi yenye refind_x64.efi, yaani programu yenyewe, na folda ya icons peke yake, hayo majina yote yamebaki kwako nyumbani. Weka faili la majina humo humo kwenye flashi.

Kuhusu kijana wa laptopu 3, mwandike pamoja na kazi yake: "alijaribu kwenye mashine tatu, akagundua kosa la kuwaka". Mwandika msimbo git inamtunza yenyewe, huyu asipotunzwa na wewe basi amepotea. Kama marekebisho yalitokana na picha zake unaweza pia kumtaja mwishoni mwa ujumbe wa komiti, yale maelezo unayoandika git ikihifadhi badiliko, kwa mstari wa Co-authored-by, ila muulize kwanza anataka jina gani lionekane, wengine hawapendi majina yao kamili yakae mtandaoni.

kalamu_na_wino:
Mimi nachora, naomba niseme kidogo maana hili la jahazi limenigusa sana.

Miaka michache nyuma nilichora mlango wa kale, wiki 2 nzima, ule ukingo wenye minyororo na maua nimeuchora kwa mkono sijanakili popote. Siku moja naenda kutoa kopi stationeri, yule kaka anawasha kompyuta, mlango wangu huo hapo nyuma ya menyu. Nikasogea nikatazama kona ya chini kulia ninapowekaga sahihi, haipo. Waliikata ili picha ienee kwenye skrini ya 1366 kwa 768. Nadhani hakuna aliyekusudia kunifuta, mtu alikata tu picha itoshe, lakini matokeo ni yale yale, nilisimama pale na kopi zangu nikashindwa hata kusema ile ni kazi yangu kwa sababu ushahidi wenyewe umekatwa.

Kwa hiyo kaka, kama mchoraji humjui, toa hiyo picha. Usiandike "mchoraji hajulikani". Anajulikana, ni wewe tu hujamfikia. Zile ulizotoa kwenye themu za watu rudi kwenye kila themu, tafuta leseni. Ikisema CC BY-SA, leseni inayoruhusu kutumia kazi kwa kumtaja mwenyewe, andika jina la picha, aliyechora, ilipotoka na leseni yenyewe, na kama umekata au umebadilisha rangi useme umefanya nini. Themu isiyo na leseni usidhani ni ya bure, haki zote bado ziko kwa mwenyewe, mwandikie umuombe.

fundi_laptopu:
Dada pole sana, nimesoma mara mbili. Jahazi nalitoa leo hii hii. Na nembo je? Nina pengwini wa Linux, yule shetani mwekundu wa mifumo ya BSD na dirisha la Windows.

kitufe_cha_F10:
Usizichukulie sawa hizo. Pengwini, Tux, alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996 kwa GIMP, programu ya kuchorea, na aliruhusu watu wamtumie na kumbadilisha, sharti umtaje yeye na GIMP mtu akiuliza. Mimi namtaja bila kuulizwa. Yule mwekundu hakimiliki ni ya Marshall Kirk McKusick, kwa hiyo soma masharti yake kwanza. Dirisha ni alama ya biashara ya Microsoft, litumie kuonyesha tu kwamba hapa unaingia Windows, usiliweke kwenye nembo ya mradi wako wala mtu asione kama Microsoft wamekubariki.

Na kila picha ipe faili dogo la maandishi kando yake, jina lile lile na .license mwishoni. Mtu akija kunyofoa aikoni moja tu anaona la kubeba nayo.

fundi_laptopu:
Nimeanza, aikoni 31, nimepata wenyewe wa 22. Zile 9 nimezitoa. Dada kalamu_na_wino, nafasi ya jahazi iko wazi, nitakulipa, na masharti utaandika wewe.

kalamu_na_wino:
Nitachora. Nitumie vipimo vya skrini zote mapema, sahihi nitaiweka kwenye tanga, katikati.