Naomba ushauri, walobaki kiwandani mikono imelegea

Habari zenu ndugu zangu, mimi ni supavaiza kiwanda cha jerikeni huku Namanve, Uganda, mwezi uliopita oda zilishuka bosi akapunguza watu 14, wengine nimefanya nao kazi miaka saba. Wiki ya kwanza walobaki walikimbia kwelikweli kwa woga, nikadhani tumepona, saa hizi mambo yamegeuka, jerikeni zinatoka na shingo zimepinda na hakuna anayesimamisha mashine, jana nimekuta kijana ameshika moja inavuja anaiangalia tu, nikamuuliza akaniambia "mzee, nikimaliza oda haraka si ndo naachishwa narudi nyumbani?" Nilikosa jibu. Na mtu mmoja anashika mashine mbili sasa, kuchoka lazima.

Sheria ya Ajira ya 2006 inataka ukiachisha watu 10 au zaidi ndani ya miezi mitatu umwandikie Kamishna wa Kazi, sijaona barua yoyote na walobaki wananiuliza zamu yao lini.

Waliopitia haya, niwaambie ukweli wa oda au nimbane kwanza bosi aongee nao mwenyewe? Naumia jamani, hawa ni watu wangu.