Jirani ananipa dachshund wa bure, ila aliwahi kuumwa mgongo. Nimchukue?

Bandari Kavu: Wakuu, habari za jioni. Niko Leicester, Uingereza, na familia. Jirani anahamia kwenye fleti isiyoruhusu wanyama na ana dachshund wa miaka minne, wale mbwa soseji. Anatupa bure, na kizimba chake juu. Watoto wameshampenda, shemeji yenu ndiyo usiseme. Shida ni kwamba mwaka jana aliumwa mgongo, akapewa dawa na kufungiwa apumzike. Sasa anatembea vizuri tu. Wenye uzoefu, gharama zake zikoje? Mshahara wa ghala mnaujua.

Mama Zubeda: Ninaye wa aina hiyo. Chakula kisikutishe, anakula kidogo. Hela inamalizwa na mgongo. Wangu alianza kwa kugoma kupanda kochi, halafu tukitoka nasikia kucha za miguu ya nyuma zinakwaruza lami. Kulipokucha miguu haimbebi. Tukapewa rufaa: kipimo cha picha cha MRI, nusu kaputi, upasuaji, kulazwa. Bili ilipita pauni 7,000. Bima ililipa sehemu kubwa. Kisha wiki na wiki za kumbeba nje akojoe, na mazoezi ya viungo ambayo kila ukienda unalipa.

Kasuku wa Mjini: 7,000 kwa mbwa?! Hicho si kiwanja Kibaha kabisa 😂

Daktari wa Ng'ombe: Kasuku, punguza. Mkuu, hawa mbwa karibu mmoja kati ya wanne hupata tatizo hili maishani, mara nyingi akiwa na miaka mitatu hadi saba. Urithi wa miguu mifupi unakuja na diski, yaani vile vito laini kati ya pingili za mgongo, zinazozeeka mapema: ute wa ndani unakauka kama chaki, siku moja unachomoka na kubana neva za uti wa mgongo. Wa jirani yako yuko katikati ya umri huo, na aliyetibiwa bila kisu anaweza kurudiwa.

Sasa sikiliza la bima. Ugonjwa uliokuwepo kabla hujakata bima kwa kawaida haulipiwi. Kwa hiyo ukimchukua, mgongo huo ni wa mfuko wako. Mwambie jirani aombe faili lote kwa daktari wake, ulisome KABLA ya kusema ndiyo.

Mama Zubeda: Hapo umenena. Na awe mwembamba, biskuti za watoto marufuku. Ngazi ziwekee kizuizi. Kumbeba ni mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, asining'inie.

Bandari Kavu: Asanteni sana. Dokta, ikitokea amerudiwa na hela ya upasuaji sina?

Daktari wa Ng'ombe: Kama anaumwa tu ila bado anatembea, wengi hupona kwa dawa na kizimba, angalau wiki nne bila kurukaruka. Ibuprofen ya binadamu usimpe, ni sumu kwake. Miguu ikilegea kabisa, usisubiri Jumatatu, nenda usiku huohuo. Akiwa bado anahisi ukimbana vidole, upasuaji una nafasi nzuri sana. Hisia zikishapotea, nafasi hushuka hadi kama nusu. Ndiyo maana nasema, kama huwezi kutenga akiba ya elfu kadhaa, mwachie mwenye nayo.

Bandari Kavu: Nimeelewa dokta. Faili nimeshaliomba, nikilisoma nitarudi hapa. Ila shemeji yenu kashanunua kitanda cha mbwa.