Mark II GX100 inapata joto kwenye foleni: nitengeneze injini iliyopo au niweke 1JZ?

Mleta uzi (Buhongwa, Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu nyote, na kwa wazee wetu humu, shikamooni.

Naomba ushauri kuhusu gari langu, Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1997, injini ya 1G-FE ya lita 2, gia ya otomatiki. Nililinunua mwaka jana Dar es Salaam na kuliendesha mwenyewe hadi Mwanza kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga bila tatizo lolote. Gari hili nimelipenda tangu nikiwa shuleni, kwa umbo lake refu, mlio wa silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na nguvu inayotokea magurudumu ya nyuma, kwa hiyo naomba nisishauriwe kununua gari dogo la kubana mafuta.

Tatizo ni joto. Nikikwama kwenye foleni ya Buzuruga au nikipanda mlima wa Bugando taratibu, mshale hupanda kutoka katikati hadi karibu na alama nyekundu ndani ya dakika 10 hivi. Nikitoka mjini kuelekea Usagara na kufika kilomita 80 kwa saa, unarudi mahali pake. Fundi wa kwanza alitoa themostati (kilango kinachodhibiti mzunguko wa maji ya injini) na kusema nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Wa pili alibadilisha pampu ya maji. Wa tatu ameniambia injini imechoka, na kwamba dawa yake ni kuweka 1JZ-GTE yenye turbo. Zaidi ya hayo, mbele kunagonga nikipita kwenye mawe, na gari naliona zito kuliko lilivyokuwa Dar.

Nimeweka akiba ya shilingi 3,500,000, na kila mwezi naweza kuongeza kama 200,000. Nilikuwa nimepanga kulishusha na kuliwekea rimu za inchi 17. Je, fedha hii ianzie wapi?

Fundi mstaafu (Nyakato)

Marahaba, kijana wangu. Jibu la swali lako umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Gari linalochemka likiwa limesimama na kupoa likiwa katika mwendo linakuambia kwamba hewa haipiti ya kutosha kwenye rejeta. Likiwa kwenye mwendo, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni inabaki peke yake. Kama rejeta ingekuwa imeziba ndani, ungeona joto hata kwenye mwendo mkubwa, hasa ukiwa umejaza abiria na mizigo.

Feni ya GX100 inazungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake. Mafuta hayo yakivuja au yakichoka, feni huendelea kuzunguka lakini bila nguvu, na mtu anayeitazama kwa macho huiona nzima. Lipashe joto gari, lizime kabisa, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikikaza na kusimama mapema, klachi bado ina uhai. Ikizunguka raundi kadhaa kama pangaboi, klachi imekufa. Angalia pia kama lile kava la plastiki linaloizunguka feni lipo. Magari mengi yaliyowahi kugongwa mbele hurudishwa barabarani bila kava hilo, kwa sababu limevunjika na fundi ameona si kitu cha maana, kumbe bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia kwenye rejeta.

Kuhusu themostati, naomba uirudishe. Nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake mapema na kuibakiza hapo. Ukiitoa, asubuhi injini hukaa baridi kwa muda mrefu, kompyuta huendelea kumwaga petroli nyingi, na mafuta ya injini huchafuka haraka. Na kwenye injini ambazo themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji, kuitoa kunafanya sehemu ya maji ya moto irudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Mfuniko wa rejeta nao si kitu cha kupuuza kwetu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hiki maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachozuia maji ya gari yasichemke mapema ni shinikizo linalotunzwa na mfuniko. Raba yake ikichoka, unapoteza kinga hiyo yote kwa kipuri cha bei ndogo kabisa. Weka mpya, na jaza kuleti (maji maalumu ya kupozea injini) iliyochanganywa vizuri badala ya maji ya bomba, ambayo huleta kutu ndani.

Kimo hicho hicho ndicho kinachofanya gari lako lionekane zito. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban sehemu moja ya kumi, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Usimlipe mtu yeyote akutafutie ugonjwa huo.

Mwenye JZX100 (Ilemela)

Namuunga mkono mzee wetu, kisha niongeze kuhusu 1JZ, kwa kuwa ninayo na ninaipenda kwa moyo wote.

Ni kweli kwamba GX100 na JZX100, yaani Mark II yenye injini ya JZ, zina bodi moja, na ndiyo maana watu husema injini hiyo inaingia bila shida. Kuingia inaingia. Lakini 1JZ-GTE ni lita 2.5 yenye turbo, na kiwandani ilitajwa kuwa na nguvu farasi 280, wakati 1G-FE ya mwaka wa gari lako ina 140. Nguvu iliyoongezeka maradufu haiwezi kupita kwenye gia boksi, propela na difu vilivyotengenezwa kwa ajili ya nusu yake. Utahitaji gia boksi yake, nyaya zake zote na kompyuta yake, pampu ya petroli, kipoza hewa ya turbo, egzosi, na juu ya yote breki kubwa zaidi, kwa sababu kulisimamisha gari ni muhimu kuliko kulikimbiza. Mimi mwenyewe nilinunua injini iliyotumika iliyoletwa bila nyaya kamili, gari likakaa uani miezi 7 nikitafuta plagi za waya moja baada ya nyingine. Uliza pia injini hiyo ilitengenezewa petroli gani: Wajapani waliipangia petroli ya oktani ya juu, na fundi akiongeza shinikizo la turbo bila kipimo, pistoni ndizo zinazolipa.

Zaidi ya hayo, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiibadilisha, ni lazima taarifa zirekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA) na bima ijulishwe, na hati za ununuzi wa injini uzitunze. Gari lenye namba isiyolingana na kadi litakusumbua kwenye ukaguzi na siku ya kuliuza.

Kwa milioni 3 na nusu, ndugu yangu, mradi huo utaishia njiani.

Mchangiaji wa Musoma

Mimi naona tofauti kidogo. Kama nia ya kweli ni turbo, basi mleta uzi aliuze hili lingali linatembea, aongeze akiba kwa miaka miwili, kisha anunue lililotoka kiwandani likiwa na turbo. Kutengeneza kila kitu kwenye gari ambalo hatimaye halitamridhisha ni kutumia fedha mara mbili. Pia achunguze kutu chini ya gari, maana tunaishi kando ya maji.

Dada wa Sengerema

Kaka wa Musoma, kuhusu kuuza nakuelewa, ingawa kwa maandishi yake naona huyu ndugu analipenda hili alilonalo. Kuhusu kutu, naomba turekebishane kwa upole. Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi inayokula bodi kama bahari. Gari hili limetoka Dar, kwa hiyo kama lina kutu ya chumvi, huenda lilikuja nayo, au liliichukua Japani kwenye maeneo ambayo barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Hapa kwetu tatizo ni tope linaloganda ndani ya matao ya matairi na chini ya milango wakati wa masika. Lioshe chini kwa maji ya presha, zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, na ukiona uvimbe kwenye rangi usikubali kupigwa puti juu yake kabla ya kukata bati lililooza na kuchomelea jipya.

Mimi nina Toyota Chaser, ndugu ya Mark II hiyo, na ninavuka nayo daraja la Kigongo–Busisi karibu kila wiki. Huko kugonga kwa mbele kuchukulie kwa uzito kuliko hata joto. Anza na boljointi za chini (viungo vinavyoshikilia gurudumu la mbele), kwa sababu boljointi ikichomoka tairi hulala na usukani hauna tena kazi. Inua gari, mtu mmoja alitikise gurudumu na mwingine atazame chini kwa tochi. Kisha kagua tairodi, bushi za mikono na shokapu zinazovuja.

Suala la kulishusha, nakuomba usimruhusu mtu akate springi kwa gesi. Moto huo huua ugumu wa chuma, springi iliyokatwa hucheza kwenye kikalio chake, na shokapu hupiga mwisho kila unapovuka tuta. Kwa barabara za mawe za vilimani, hata springi fupi za dukani zitakugusisha sampu (bakuli la mafuta chini ya injini). Rimu za inchi 17 zinawezekana, mradi ziwe za bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3 na zisitokeze hadi kula bodi. Lakini fedha ya rimu ni afadhali iwe ya matairi kwanza. Soma tarakimu 4 ubavuni: 3218 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2018. Matairi mengi ya mtumba huwa na kashata (meno ya tairi) nzuri huku raba imeshakauka.

Mleta uzi

Nawashukuru sana. Jana jioni nimefanya kama mzee alivyoelekeza. Feni ilizunguka raundi 5 bila kukaza, na kava lake halipo kabisa. Yamebaki matundu ya bolti tu. Maji ya rejeta yana rangi ya kahawia. Je, inawezekana gasketi ya silinda hedi nayo imeshaungua kwa joto la miezi yote hii?

Fundi mstaafu (Nyakato)

Inawezekana, na usibahatishe. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, mtu awashe gari, nawe utazame. Mapovu yakitoka mfululizo, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Angalia kama mafuta ya injini yamekuwa meupe kama chai ya maziwa, kama maji yanapungua bila kuvuja popote, na kama mpira mkubwa wa juu wa rejeta umekakamaa kabla hata injini haijapata joto. Kisha upimwe mgandamizo wa silinda zote 6 na namba uandikiwe. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kuliko nyingine, hapo ndipo gasketi ilipokatika.

Ukishaona ni salama, muulize aliyekuuzia gari mkanda wa timing ulibadilishwa lini. Kama hajui, uhesabu kuwa haujabadilishwa, kwa sababu mkanda huo hupangiwa kilomita 100,000.

Mleta uzi

Narudi baada ya wiki 3. Hakukuwa na mapovu, na mgandamizo wa silinda zote ulikaribiana. Klachi ya feni na kava vilipatikana Dar kutoka kwenye gari lililokatwa, vikaja kwa basi. Nimeweka pia themostati, mfuniko mpya na kuleti, baada ya rejeta kusafishwa ndani. Juzi nilikaa Buzuruga dakika 40 mchana wa jua kali, na mshale haukuondoka katikati.

Boljointi ya chini ya kushoto ilikuwa inacheza, kwa hiyo nimebadilisha zote mbili pamoja na tairodi. Nimebakiwa na shilingi 1,900,000. Nimeagiza mkanda wa timing na matairi 4 mapya ya inchi 15, rimu zile zile za zamani. Kaka wa Ilemela, naomba nije siku moja nisikilize hiyo 1JZ yako ikiwaka.