Kundi la alfajiri, mwenza mmoja au kundi la WhatsApp: kipi kinakushika mpaka kilomita ya 42?

Raba_Nyekundu (Malindi)

Assalamu alaikum na habari za jioni, ndugu wakimbiaji. Zimebaki wiki 14 nikimbie kilomita 42 kwa mara ya kwanza, na mbio zenyewe ni Mombasa. Ratiba ninayo, raba ninazo. Kilichobaki ni kuamua nani atanitoa kitandani wiki ya tisa, wakati hamu imekwisha na siku ya mbio bado haionekani.

Mwaka jana nilijiandaa kwa nusu marathoni peke yangu, simu mkononi. Wiki tano sikukosa hata siku moja. Ilipoingia Machi upepo ukakatika, usiku ukawa wa jasho, nikaanza kuruka Jumanne, halafu Alhamisi, na hakuna binadamu aliyeniuliza kulikoni. Programu ya simu ilinikumbusha kila asubuhi, nikaizima. Siku yenyewe, kilomita ya 16, miguu ikakataa. Tano zilizobaki nilizitembea. Iliniuma sana, kwa sababu nilijua ni asubuhi zipi zilizonifikisha pale.

Sasa nina njia tatu mbele yangu.

Ya kwanza ni kundi la alfajiri. Ni watu kama 12, hukutana karibu na Nguzo ya Vasco da Gama Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja na nusu. Hawatozi chochote. Tatizo ni kasi: wengi wao huenda dakika tano na nusu kwa kilomita, mimi ni sita na nusu.

Ya pili ni mwenzangu wa kazini. Kasi yetu ni moja, ila ana zamu za usiku na zamu hubadilika.

Ya tatu ni kundi kubwa la WhatsApp, zaidi ya watu 100 kutoka Mombasa mpaka Lamu. Ukituma picha ya kilomita zako unapongezwa papo hapo.

Waliokwisha kupita njia hizi, naomba mniambie ukweli.

MzeeWaSabaki (Malindi)

Kijana wangu, mimi nimekimbia 42 mara nne, na mara tatu kati ya hizo nililelewa na kundi. Nakwambia nenda kundini. Lakini hilo la kasi usilidharau, maana kuna makundi yanayoua watu moyo bila kukusudia. Unaachwa kilomita ya pili, unakimbia peke yako gizani, ukifika wenzako wameshakunywa dafu na kuondoka. Hapo huna kundi, una watu mnaoamka wakati mmoja tu.

Sisi tulikuwa na dawa yake. Tulikuwa tunakimbia kwa dakika, hatuhesabu kilomita. Tunatoka pamoja kuelekea daraja la Sabaki, mwenye filimbi anaangalia saa. Dakika 40 zikitimia anapuliza, na kila mtu anageuka hapo hapo alipo. Aliyekuwa wa mwisho sasa ndiye yuko mbele! Wenye mbio wanarudi wakimfukuza, naye anawasikia nyayo nyuma yake, na kila mmoja akishika kasi yake ileile mnafika mwanzoni kwa wakati mmoja. Hakuna aliyesubiriwa, hakuna aliyeonewa huruma. Nimewaona watu wazito sana wakidumu miaka kwa sababu ya filimbi ile. Mwombe kiongozi wa kundi lenu ajaribu Jumamosi moja.

Bi_Kaskazi (Malindi)

Kaka Raba, mimi kura yangu ni mwenza mmoja, na nina sababu zangu kama mwanamke. Saa kumi na moja bado ni giza, na barabara ya Casuarina ina vipande ambavyo sipiti peke yangu. Kundi la wanaume 12 nisiowajua nalo halikunipa utulivu. Nilimpata jirani yangu, mama wa watoto wawili kama mimi. Tunakimbia na hijabu zetu, suruali pana na fulana ya mikono mirefu. Mwaka wa kwanza watu walituangalia. Siku hizi yule mama wa mahamri kwenye kona anatuuliza tukikosa: "Juzi mlikuwa wapi?" Nakuhakikishia hakuna programu inayouliza hivyo.

Tuna sharti moja tu baina yetu. Hakuna kughairi kwa ujumbe wa simu. Asiyeweza kuja anatembea mpaka mlangoni kwa mwenzake na kumwambia kwa mdomo. Ukishavaa viatu na kutoka nje kwenda kusema huji, mara nyingi unaishia kukimbia. Ramadhani tunahamisha mazoezi baada ya tarawehe, tunakwenda taratibu dakika 30, basi. Peke yangu mwezi ule ningeacha kabisa.

Zamu za usiku za mwenzako ni jambo zito, usilipuuze. Mwenza wa nusu wiki ni mwenza wa nusu wiki.

Mchangani_Shela (Lamu)

Salaam kutoka Shela. Huku kwetu hakuna kundi la mbio ndefu la kujiunga nalo, kwa hiyo sikuwa na la kuchagua. Mjini Lamu vichochoro ni vyembamba, na mapema Usita wa Mui, njia yetu kuu, umejaa punda na mikokoteni. Nina ufuo wa Shela, kama kilomita 12 za mchanga, na bahari ndiyo inayonipangia ratiba. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupwa katikati ya asubuhi, jua limeshakuwa kali; alfajiri ufuo umebaki ukanda mwembamba wa mchanga mwororo unaochosha ndama za miguu. Wakati wa kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ile "Jumanne saa kumi na moja na nusu" yenu mimi siwezi kuifuata.

Nilikuwa kwenye kundi kama hilo lako la watu 100. Linachangamsha wiki mbili. Baadaye niligundua kwamba nikituma kilomita 18 napata vidole gumba 40, na nisipotuma chochote siku kumi hakuna anayejua. Nikatoka. Sasa tuko watatu: mmoja Mpeketoni, mmoja Watamu, na mimi. Tunaandika kabla ya kukimbia, si baada. Ukitoka unaandika "natoka, dakika 90." Zikipita saa mbili hujasema umerudi, unapigiwa simu. Siku moja nilijikwaa nikateguka kifundo mbali na kijiji, na yule wa Watamu ndiye aliyempigia mwenye mashua hapa Shela aje kunichukua. Hajawahi kuniona kwa macho.

Kwa hiyo WhatsApp naikubali, ila ya watu wachache ambao watakutafuta.

Kijana_wa_Mambrui

Kwa nini tunabishana? Kipchoge mwenyewe alizungukwa na watu! Vienna, Oktoba 12, 2019, kilomita 42 kwa saa 1:59:40, na waweka kasi 41, yaani wakimbiaji wa kumshikia mwendo, wakipokezana. Bingwa wa Olimpiki amehitaji wenzake, sisi ni nani tukimbie peke yetu? Kundi, kaka. Kimbia nao, hata kama wanakuzidi. Utapanda tu.

MchuaMisuli (Malindi)

Kijana wa Mambrui, hapo pa mwisho nakusimamisha kwa upendo. Kazi yangu ni kuchua na kunyoosha misuli, na wengi ninaowapokea wana maumivu ya mfupa wa ugoko au nyuma ya kisigino. Ukiwauliza, hadithi ni ileile: walijiunga na kundi, wakaona aibu kubaki nyuma, wakaongeza kasi na kilomita kwa wakati mmoja. Mapafu huzoea haraka. Mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo mtu huumia. Mbio zako nyingi za wiki ziwe za kasi ambayo unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Kama kundi haliruhusu hilo, kundi hilo bado si lako.

Halafu waweka kasi wa Vienna walikimbia kasi ya Kipchoge. Wao ndio waliopangwa kulingana na yeye, na kwa sababu walikuwa wakiingia na kutoka, muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia.

Na maneno tunayowatupia watu barabarani nayo tuyaangalie. Nimesimama pembeni ya mbio nyingi nikitoa maji, na kila mara namsikia mtu akipiga kelele "Umefika! Bado kidogo tu!" na hapo zimebaki kilomita sita. Mkimbiaji anaongeza mwendo, anapita kona, haoni utepe wa kumalizia, na moyo unaporomoka kabisa. Wengine hukaa chini palepale. Ukitaka kumsaidia mtu, mpe namba ya kweli na kitu kimoja cha kufanya: "Zimebaki sita. Legeza mabega. Maji yako mbele, kushoto." Mwite kwa jina kama limeandikwa kifuani. Akitembea, usimwambie kimbia. Tembea naye hatua 20 kisha muulize kama yuko tayari. Kuanzia kilomita ya 30 hivi sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli huwa inakaribia kwisha, na akili inakuwa kama ya mtoto mwenye njaa. Mtu wa hali hiyo usimdanganye.

Kijana_wa_Mambrui

Nimekuelewa, ndugu. Mimi ni mmoja wa wanaopiga kelele "umefika". Sitarudia.

MzeeWaSabaki (Malindi)

Mchua Misuli amesema kweli tupu. Mara yangu ya tatu, kilomita ya 35, askari mmoja wa barabarani aliniambia "Mzee, saba." Neno hilo tu. Nilizihesabu zile saba kama shanga za tasbihi.

Raba_Nyekundu (Malindi)

Mzee wangu, shikamoo. Bi Kaskazi, Shela, Mchua Misuli, Kijana, nawashukuru nyote kwa dhati. Nimesoma kila jibu mara mbili.

Nimeongea na kiongozi wa kundi la nguzoni. Hakuwahi kusikia habari ya kugeuka kwa filimbi, ila amekubali tuijaribu Jumamosi hii, dakika 35 kwenda na 35 kurudi. Jumanne na Alhamisi nitakimbia na mwenzangu wa kazini, na wiki ambazo ana zamu ya usiku tumekubaliana jioni, jua likishapoa. Sharti la mlangoni nimemwambia. Alicheka, halafu akasema kwake ni ghorofa ya tatu, nijipange. Lile kundi la watu 100 nimeaga. Shela, kama mna nafasi ya mtu wa nne, nitaandika "natoka" kama ninyi.

Kinachonitia hofu ni pale baada ya kilomita ya 30. Mombasa simjui mtu wa kusimama barabarani.

Mchangani_Shela (Lamu)

Nafasi ipo. Nitumie namba yako faraghani.

Bi_Kaskazi (Malindi)

Kaka, dada yangu anakaa Mombasa, nitalala kwake usiku wa kuamkia mbio. Nitasimama kwenye kibao cha kilomita ya 32 na ndizi na maji. Nitakwambia zimebaki 10 na mita 195.